Mshale wa pili ni nini?

Shangazi yangu huanika omena, yaani dagaa wa ziwani, ufuoni Dunga, hapa Kisumu. Siku moja mvua ilimkuta akiwa sokoni Kibuye, na aliporudi omena zilikuwa zimelowa juu ya nyavu, zimeanza kunuka. Hasara ilikuwa ya kweli, maana humo mlikuwa na pesa za chama. Usiku yakaja mengine: "Mimi ni mjinga. Mawingu niliyaona. Wenzangu watanisema. Mambo yangu hayanyooki." Hakupata lepe la usingizi, na mvua ilikuwa imekatika tangu jioni.

Hayo ya usiku ndiyo mshale wa pili. Katika mafundisho yaliyohifadhiwa kwa Kipali, lugha ya kale ya India, Buddha anasimulia mtu aliyechomwa mshale, kisha akachomwa mwingine. Wa kwanza ni maumivu yasiyokwepeka: ugonjwa, msiba, hasara. Wa pili ni kulalama na kujipiga kifua juu ya maumivu hayo. Aliyefunzwa, anasema, huchomwa mmoja tu.

Wanasaikolojia nao wanaijua tabia hii ya akili kucheua jambo lilelile, kama ng'ombe na majani ya asubuhi, na wanajua jinsi inavyomvuta mtu kwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Mwaka 1979 mtafiti Jon Kabat-Zinn alianzisha huko Massachusetts, Marekani, mafunzo ya wiki kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, akitumia mazoezi ya Kibuddha ya kutuliza akili bila kumtaka mtu abadili dini. Baadaye wanasaikolojia Segal, Williams na Teasdale waliyaunganisha na tiba ya fikra, ile ya mazungumzo inayomfunza mtu kuyachunguza mawazo yake, kuwasaidia waliokwisha kupona sonona isiwarudie.

Kazi yenyewe ni hii: wazo likija, hulifukuzi wala hulifuati. Unalitambua kuwa ni wazo, unasikia kifua kilivyobana, unairudia pumzi.

"Kwa hivyo nisiumie, mwanangu?" shangazi aliniuliza. La, uumie. Mshale wa kwanza una haki yake, na anayeonewa asiambiwe avute pumzi anyamaze. Na mtu anayewaza kujiua apelekwe hospitali leo hii. Pumzi peke yake haimtoshi.

Shangazi alinunua karatasi kubwa ya nailoni ya kufunikia omena. Usiku, mawazo yakimjia, husema kwa sauti, "Hilo ni la pili," kisha huhesabu pumzi zake. Kuna siku hufika kumi, kuna siku hafiki tatu.