Kwa Nini Shairi Kuu la Kitagalogi Linasimulia Albania?

Je, wajua? Wanafunzi wa sekondari nchini Ufilipino husoma darasani shairi la beti 399 la Kitagalogi, lugha ya huko, linaloitwa Florante at Laura, yaani Florante na Laura, lakini hadithi yenyewe iko Albania. Linaanzia katika msitu wa giza, Florante amefungwa kwenye mti, simba wawili wanamkaribia. Anayemwokoa ni Aladin, mwana wa mfalme wa Uajemi, Mwislamu, ambaye kwa sheria za vita vya wakati ule alikuwa adui yake.

Kwa nini Albania? Francisco Balagtas alilitoa shairi hili mwaka 1838, Wahispania wakiitawala Ufilipino. Kitabu hakikuchapwa bila ruhusa ya watawala na kanisa. Ni kweli tungo za aina hii, ziitwazo awit, zilikuwa na desturi ya kusimulia wafalme wa Ulaya. Lakini mimi naamini desturi hiyo ilimpa Balagtas shuka la kujifunika. Sikiliza kilio cha Florante pale mtini:

Sa loob at labas ng bayan kong sawi,
kaliluha'y siyang nangyayaring hari

Ndani na nje ya nchi yangu yenye mikosi, usaliti ndio uliotawazwa mfalme. Mfilipino wa 1838 angeisikiaje nchi hiyo kuwa ya mbali?

Hesabu mizani: kila mshororo una 12, na pumzi inakatwa baada ya ya sita, baada ya labas na siyang (ng husomwa nang). Mishororo miwili inayofuata inaishia nalulugami na pighati, basi ubeti mzima una kina kimoja, -i. Ndiyo maana unakaa kichwani. Apolinario Mabini, mwanamapinduzi aliyehamishiwa kisiwa cha Guam mwaka 1901 na Wamarekani, watawala waliofuata Wahispania, aliliandika shairi lote huko kwa kumbukumbu tu.

Balagtas mwenyewe, mzaliwa wa Bigaa, Bulacan, mwaka 1788, aliionja dhuluma. Inasimuliwa kwamba tajiri mmoja aliyemtaka mwanamke aliyependwa na mshairi alifanya hila hadi Balagtas akatiwa jela. Mwanamke huyo ndiye Selya, anayetunukiwa shairi. Katika beti hizo za kumtunuku, Albania inawekwa kando: Balagtas anaitaja mito ya Ufilipino hasa, Beata na Hilom.

Alifariki 1862. Tarehe 6 Aprili 1924, washairi wa Manila walifanya mashindano ya kujibizana kwa beti, wakayaita balagtasan kwa heshima yake. José Corazón de Jesús alikuwa kipepeo, Florentino Collantes nyuki, kila mmoja akidai ua moja ni lake. Watazamaji walilitambua ua hilo: lilikuwa nchi yao, safari hii chini ya Marekani, nayo bado ikisemwa kwa mafumbo.