Mwanafalsafa-mfalme wa Plato si msomi mwenye shahada

Mjadala wa sifa za wagombea ukipamba moto, jina la Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, halikawii kuingia. Mtu anataka mbunge awe na shahada, basi anaandika: "Hata Plato alisema wasomi ndio watawale." Mjadala wenyewe ni halali kabisa. Kenya iliwahi kuliweka sharti la shahada katika sheria yake ya uchaguzi, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaamua kwamba linakwenda kinyume na Katiba. Katiba ya Tanzania inamtaka mbunge ajue kusoma na kuandika, Kiswahili au Kiingereza, na wapo wanaoona kiwango hicho ni cha chini mno. Wabishane. Ninachoomba ni Plato asitwishwe maneno ambayo si yake.

Dhana yenyewe ni fupi. Katika kitabu cha tano cha Jamhuri, maandishi ya Plato yaliyo katika mtindo wa mazungumzo, Socrates, mwalimu wake na msemaji mkuu humo, anasema maovu hayataisha mijini mpaka moja kati ya mambo mawili litokee: wanafalsafa washike ufalme, au wanaoitwa wafalme wageuke wanafalsafa wa kweli, hekima na madaraka vikae kwa mtu yule yule. Huyo ndiye mwanafalsafa-mfalme.

Tatizo lipo kwenye neno "mwanafalsafa". Socrates mwenyewe alijua lingeeleweka vibaya. Akishamaliza tu kusema, Glaucon, kaka yake Plato, anamwonya kwamba kwa kauli hiyo watu watavua majoho, waokote silaha yoyote iliyo karibu na kumvamia. Socrates hajitetei kwa kusema wasomi ni watu wema. Anaanza kwa kuwaondoa wale wanaofanana na wanafalsafa lakini sio. Anawataja wapenda mambo ya kuona na kusikia, wanaokimbia kila sikukuu ya mungu Dionysus, ya mjini na ya vijijini, wasikose hata moja, kana kwamba wamekodisha masikio yao. Watu hao wanajua vitu vizuri vingi mno. Wanaweza kukutajia wimbo, sanamu, rangi. Lakini uzuri wenyewe ni nini, hawajui, na hawaoni kwamba kuna cha kutafuta hapo. Kwa Plato walicho nacho ni maoni. Maarifa ni kitu kingine, na wingi wa mambo unayoyakumbuka haukuvushi kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Kitabu cha sita kinakwenda mbali zaidi, na hapo ndipo ningependa kila anayemnukuu Plato apasome. Socrates anazungumzia walimu waliolipwa ada kufundisha vijana wa Athens, mji wa Plato, wale tunaowaita wasofisti. Anasema mtu wa aina hiyo ni kama anayefuga mnyama mkubwa mwenye nguvu. Kwa kukaa naye muda mrefu amejifunza tabia zake: amsogelee vipi, amguse wapi, lini huwa mkali na lini mpole, sauti gani humtuliza na ipi humchokoza. Kisha ujuzi huo anauita hekima, anautengenezea somo, anaanza kuufundisha. Anachokipenda mnyama anakiita chema, kinachomuudhi anakiita kibaya, na zaidi ya hapo hana neno la kusema kuhusu haki. Mnyama ni umma uliokusanyika barazani.

Tazama sasa huyo mfugaji. Amesoma, ana somo lake, ana wanafunzi, anasifiwa kwa hekima. Kwa vipimo vyetu ni msomi, tena wa siasa. Kwa Plato huyo hana maarifa: anaurudishia umma maoni yake mwenyewe na kuyaita hekima. Kwa hiyo anayesema "Plato alitaka wasomi watawale" hajapunguza tu maneno yake. Amemtia madarakani mtu ambaye Plato alitumia kurasa nyingi kumwondoa.

Mafunzo ya mtawala wa kweli nayo hayafanani na safari ya kutafuta cheti. Yanaanza utotoni kwa muziki, mashairi na mazoezi ya mwili. Kuanzia miaka 20 waliochaguliwa wanasoma kwa miaka kumi hesabu, jiometri, falaki na elimu ya ulinganifu wa sauti. Wakifika 30 wanachujwa tena, wanaobaki wanapewa miaka mitano ya dialektiki, yaani kuhoji dhana mpaka mizizi yake. Halafu, wakiwa na 35, wanarudishwa pangoni, ndivyo Plato anavyoyafananisha maisha ya kawaida ya mji, kwenye vita na vyeo vya kawaida, wakajaribiwe humo kwa miaka 15. Anayefika 50 bila kuyumba, katika kazi na katika elimu, ndiye anayeongozwa kuutazama Wema wenyewe, kisha anatawala kwa zamu. Dialektiki anaizuia kwa vijana wadogo makusudi, kwa sababu wakiionja mapema huifanya mchezo wa kupinga kila kitu. Na Glaucon anapowasifu watawala hao wanaume, Socrates anamkatiza: na wanawake pia, usidhani nimesema ya wanaume peke yao.

Kuna sharti jingine ambalo halitajwi kamwe katika mijadala yetu, nami naona ndilo zito kuliko yote. Watawala na walinzi wa mji anaoubuni Socrates katika Jamhuri hawamiliki mali, isipokuwa vile visivyoepukika kabisa. Hawana nyumba wala ghala ambalo mtu mwingine hawezi kuingia atakapo. Wanakula pamoja kama askari kambini. Chakula wanapewa na raia kama ujira wa ulinzi, cha kuwatosha mwaka bila kuzidi wala kupungua. Dhahabu na fedha hawaruhusiwi kuzigusa, kuzivaa, kunywea kikombe chake, wala hata kuwa nazo chini ya paa moja. Sababu anaitoa waziwazi: siku watakapomiliki ardhi na nyumba na sarafu, wataacha kuwa walinzi na kuwa mabwana wa raia wenzao. Elimu yote ile ya miaka 50 haikumtosha Plato kumwamini mtu na hazina.

Tena hawatamani cheo. Wanalazimishwa. Katika kitabu cha kwanza Socrates anasema mtu mwema hakubali kutawala kwa ajili ya fedha wala heshima. Hukubali kwa kuogopa adhabu, na adhabu kubwa ni kutawaliwa na aliye mbaya kuliko yeye. Baadaye anasema mji unaotawaliwa na wasiotamani utawala ndio unaokwenda vizuri zaidi. Wanaopigania vyeo kwa njaa ya faida binafsi anawaona ni hatari, wawe na akili kiasi gani.

Alikuwa na sababu za kutoiamini elimu tupu. Mwaka 404 KK, Athens iliposhindwa vitani na Sparta, walishika madaraka watu tuliowazoea kwa jina la Madhalimu Thelathini. Kiongozi wao alikuwa Critias, ndugu wa ukoo wa mama yake Plato, mshairi na mwandishi wa tamthilia, mtu aliyekaa na Socrates. Mjomba wake Plato, Charmides, alikuwa upande wao. Hao hawakuwa mbumbumbu. Katika miezi michache waliua raia na kupora mali, hata wakataka kumtumia Socrates akamkamate Leon wa Salamis ili auawe. Socrates akakataa, akaenda zake nyumbani. Miaka mitano baadaye demokrasia iliyorejeshwa nayo ikamhukumu Socrates kifo. Plato aliona pande zote mbili zikifanya dhuluma, na ule wa kwanza ulikuwa wa watu wa nyumbani kwake, waliosoma.

Kisha Syracuse, mji wa Wagiriki huko Sicily. Barua ya saba, ambayo wataalamu wanabishana kama kweli ni ya Plato, inaeleza alivyoitwa kumfundisha Dionysius mdogo, mtawala kijana wa mji huo. Kijana alisikia mambo machache, akajiona yamemtosha. Baadaye ikasemekana ameyaandika kitabu kama mawazo yake mwenyewe. Plato aliishia kuzuiliwa huko, mpaka Archytas, mwanafalsafa aliyekuwa kiongozi wa Tarentum, mji wa Wagiriki kusini mwa Italia, akasaidia kumtoa.

Sisemi mpango wa Jamhuri tuuchukue. Raia wa kawaida humo hawana sauti katika kuchagua watawala, na hilo kwangu ni kasoro kubwa. Plato mwenyewe uzeeni, katika kitabu chake cha Sheria, aliandika kwamba mji ambao watawala ni watumwa wa sheria ndio wenye usalama, na ule ambao sheria iko chini ya mtu anauona maangamizi yako karibu.

Anayetaka mbunge awe na shahada ana hoja zake: miswada ni mirefu, bajeti ni ngumu kusoma, mikataba ina vifungu vya kunasa. Ni hoja za kusikilizwa. Azitoe kwa jina lake. Akisisitiza kumleta Plato, basi amlete mzima, pamoja na ile miaka 15 ya kujaribiwa, meza ya pamoja, na marufuku ya dhahabu, kisha aulize ni wagombea gani watakaobaki kwenye orodha.