Msanifu ni mtunzi

Juzi nimelisikia tena neno msanifu likipewa maana isiyo yake, safari hii barazani Mkomani, mtaa wa hapa Amu (Lamu), baada ya swala ya alasiri. Kijana mmoja alikuwa akituonyesha kwenye simu picha za ile minara ya rangi ya udongo kule Turkana, kazi ya Francis Kéré, msanifu majengo wa Burkina Faso. Mzee mmoja akamuuliza, "Msanifu majengo ndiyo nini hasa, mwanangu?" Akajibu pale pale: "Ni mtu wa kuhakikisha majengo yote yana kiwango kimoja, mzee. Si kama Kiswahili sanifu?" Mzee akasema basi mtu huyo hapa Amu hatumtaki. Boti ya Shela ilikuwa inaondoka, nikaenda zangu bila kusema neno, na tangu siku hiyo limenikaa rohoni.

Msanifu majengo ni mtu anayebuni jengo zima kabla jiwe la kwanza halijawekwa: likae vipi, watu wapite wapi, mwanga na upepo viingie kwa njia gani, lisimame kwa vitu gani. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Tatizo liko kwenye neno. Sanifu limetokana na Kiarabu *sannafa*, yaani kupanga vitu kwa aina zake, na pia kutunga kitabu. *Musannif* ni mtunzi. (Wengi hulichanganya na sanaa. Hayo ni mashina mawili: la sanaa lina herufi ya Kiarabu ain mwishoni, la sanifu lina herufi fa.) Waswahili walilipokea neno pamoja na utunzi wake, kwa maana ya kutunga na kubuni kwa ustadi. Hiyo habari ya kiwango kimoja ilikuja baadaye. Mwaka 1928 Kiunguja, lahaja ya Unguja, kilichaguliwa kuwa msingi wa lugha ya shule na vitabu Afrika Mashariki, na mwaka 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi. Lugha iliyotoka humo ndiyo tunayoiita Kiswahili sanifu. Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, pamoja na tenzi zake zote, kikaachwa kando, na mimi jambo hilo linaniuma hadi leo. Lakini linaniuma zaidi kuona maana hiyo changa imeimeza ile kongwe, hata mtu akisikia "msanifu" anamfikiria msawazishaji.

Mtunzi wa utenzi ana mizani (silabi) nane katika kila kipande, na humo humo lazima aseme lake. Fundi wa nyumba za kale za Amu alikuwa na boriti ya mkoko. Urefu wa boriti ndio uliompimia upana wa chumba, kwa kawaida chini ya mita tatu, na ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Ndani ya kipimo hicho akapanga daka (kibaraza cha mlangoni), kiwanda (ua wa ndani), misana (vyumba virefu vinavyotazama ua), kisha ndani kabisa kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani), kila hatua ikimtoa mgeni machoni pa njia na kumkaribisha kwenye faragha ya wenyeji. Ukuta ni matumbawe na chokaa. Panapobana akavusha wikio, yaani chumba cha juu, juu ya njia ya mtaa. Huko ndiko kusanifu, ingawa hakuna aliyemwita msanifu.

Sasa mtazame Kéré. Alizaliwa mwaka 1965 Gando, Burkina Faso, akaenda Berlin kwa ufadhili wa kujifunza useremala, na huko ndiko alikosomea usanifu. Shule ya msingi ya Gando ilikamilika mwaka 2001, kabla hajamaliza chuo. Mizani yake ilikuwa udongo, joto kali na pesa chache. Akachanganya udongo na saruji kidogo, wakafyatua matofali. Dari ni la matofali yenye nafasi za kupitisha hewa, na bati akalinyanyua juu yake kwa fremu za nondo, hewa moto ipande na kutoka bila feni hata moja. Kwenye maktaba ya Gando walikata vyungu vya kinamama wa kijiji wakavipachika kwenye dari viwe matundu ya mwanga. Ile minara ya Turkana, iliyokamilika mwaka 2021, imefuata vichuguu vya mchwa vya huko huko, nayo kazi yake ni kutoa hewa moto. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Gando haifanani na Turkana, na hakuna palipofananishwa na Berlin. Kiwango kimoja kiko wapi hapo?

Tena kijana alisema Kéré "alijenga" Gando. Wanakijiji ndio waliojenga: wanaume walifyatua matofali, wanawake wakashindilia sakafu, watoto wakabeba mawe ya msingi. Yeye alisanifu, na kwa kuwa aliwahi kuwa seremala, alijua mikono ya mafundi inaweza nini.

Kwa hiyo, mwanangu wa pale barazani, picha zako zilikuwa nzuri na ulifanya vyema kutuonyesha. Mzee akikuuliza tena, mwambie ni mtunzi wa nyumba. Wanaohakikisha viwango waite wakaguzi. Na pale uliposema "Kéré alijenga shule Gando," sema "Kéré aliisanifu, watu wa Gando wakaijenga."