Jamani acheni kuwapulizia sisimizi, mnanichosha

Mimi ni fundi wa wadudu hapa Arusha, na wiki hii peke yake nimepigiwa simu kutoka Njiro, Sakina, Moshono na hapa hapa kwetu Kijenge, na habari ni ile ile, masika imekolea, sisimizi wamejaa jikoni, "fundi nimewapulizia dawa ya kopo wakafa wote, asubuhi naamka wako wengi kuliko jana". Halafu mtu anamalizia kwa kujiamini kabisa kwamba dawa za siku hizi feki. Dawa sio feki mama yangu, ila hao uliowaua sio wao chanzo cha tatizo.

Ngoja niseme hili taratibu maana ndo linanimaliza. Ule mstari unaotoka kona ya dirisha unapita nyuma ya jiko la gesi mpaka kwenye kopo la sukari ni vibarua tu, majike wasiotaga, na mara nyingi ni wale wazee, maana kwa sisimizi mambo ni kinyume na kwetu, vijana wanabaki ndani kulea watoto afu bibi ndo anatumwa sokoni. Ni sehemu ndogo ya kundi zima. Malkia yuko chini ya msingi au nyuma ya skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, anaendelea kutaga kama kawaida, ukiua mia mbili leo kesho wanatoka wengine, na njia wanaijua kwasababu waliotangulia wameshaipaka harufu. Wewe unafagia maiti unajiona umeshinda.

Na hiyo dawa ya kopo, nyingi ni za jamii ya pareto ila ya kiwandani, inaua aliyeguswa na inamfukuza anayekuja nyuma. Watu wakisikia inafukuza wanafurahi. Anafukuzwa kwenda wapi na nje mvua inanyesha siku ya nne, ardhi imeshiba maji na vyumba vyake vimejaa tope? Anazunguka ukuta anatokea kwenye soketi ya chumba cha watoto. Tena kuna vile vidogo vya rangi ya njano-kahawia vinavyopenda kukaa ndani ya kuta, vile vina malkia wengi, ukivishtua na dawa kundi linagawanyika, kila malkia anaondoka na watu wake, ulikuwa na kiota kimoja sasa una vitatu na umevilipia mwenyewe dukani.

Kwaiyo mimi siwaui, nawalisha. Boriki ya unga (boric acid), uliza maduka ya dawa au ya kemikali, kijiko kimoja cha chai, sukari nusu kikombe, maji ya uvuguvugu vikombe viwili, koroga mpaka iyeyuke. Chovya pamba, weka kwenye kizibo cha soda, tega pembeni ya njia yao, sio juu yake. Kibarua anakunywa, anarudi nyumbani, anawatemea wenzake mdomo kwa mdomo mpaka inamfika malkia na watoto. Inaua polepole na huo ndo uzuri wake. Sasa utakuta mtu kaweka vijiko vitano "ili iwe kali fundi", mdudu anafia palepale kwenye kizibo, nyumbani hakijafika kitu, umetengeneza dawa ya kopo kwa njia ndefu. Ikiwa hawagusi sukari kabisa jaribu kuchanganya boriki kidogo na siagi ya karanga, kuna vipindi wanataka mafuta na protini. Na boriki ni sumu, iwekwe mbali na watoto, mbuzi na mbwa, ikibidi tumia kopo lenye kifuniko ulichotoboa matundu madogo.

Kuna mama mmoja Njiro nilimtegea Jumatatu, nikamwambia usiguse kitu. Jumanne saa moja asubuhi simu: "Shikamoo yako sikujibu kwanza, wewe kijana umeniletea sisimizi au umekuja kuwatoa?" Nikamwambia mama, hiyo ndo nilikuwa naitaka, wakijazana kwenye chambo maana yake wanabeba, vumilia. Jioni wageni wanakuja, dada wa kazi akaona aibu, akapulizia dawa juu ya chambo changu na akapiga deki ukuta mzima. Alhamisi naambiwa dawa yangu haifanyi kazi. Tukaanza upya, safari hii yule dada nikamkalisha chini nikamwelewesha, ikachukua kama siku kumi hivi, mstari ukawa mwembamba, ukakatika. Baada ya hapo ndo unafuta njia yote na maji ya sabuni kuondoa harufu, na ndo unaziba ufa. Baada, sio kabla! Ukiziba wakati malkia yuko ukutani umemfungia ndani kwako, atatafuta mlango mwingine na mlango huo ni sebuleni.

Wakati unasubiri, sukari na asali zikae kwenye kopo linalobana, na miguu ya meza ya chakula iweke kwenye vikopo vya maji yenye tone la sabuni, kama bibi zetu walivyofanya kwenye kabati la vyombo. Hii inafanya kazi mpaka leo na haina gharama.

Sasa maneno mengine ninayoambiwa na wateja. "Wananiibia mchele." Hapana, vile vyeupe wanavyobeba mdomoni ni watoto wao, lava na pupa. Ukiona hivyo jua hawajaja kutembea, wanahamia.

"Nyumba yangu safi sijui wanafuata nini." Nimekuta sisimizi kwenye majumba ya tailizi unaogopa kukanyaga na viatu. Kinachowaleta wakati wa mvua ni sehemu kavu, chakula ni bonasi. Angalia kwanza matawi yanayogusa bati, angalia skatingi iliyoachia ukuta, sio kumgombeza dada wa kazi.

Ile chaki ya kuchora mlangoni inayouzwa na wamachinga pale stendi, mara nyingi ndani yake ni deltamethrini au saipamethrini, na inafanana na chaki ya shule kabisa. Una mtoto wa miaka mitatu anayeokota kila kitu, afu unamchorea sumu sakafuni usawa wake. Viuatilifu vinasajiliwa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, pale Ngaramtoni, zamani tulikuwa tunaita TPRI, kama pakiti haina lebo inayosomeka mimi siingii nayo nyumbani kwa mtu. Jivu kavu lina nafuu, ila likilowa ni tope tu, na hii ni masika.

Sisimizi chooni kwenye mkojo, "basi nina sukari". Sukari ikipanda sana kwenye damu, kwa wengi kuanzia kama 10 mmol/L, inaanza kutoka kwenye mkojo na kweli sisimizi wanaweza kuifuata, lakini wanafuata pia unyevu na chumvi, na mgonjwa anaweza asione hata mmoja. Nenda kapime, kipimo ni tone la damu kwenye kidole, mimi ni mtu wa wadudu.

Kumbikumbi sio sisimizi walioota mabawa. Ni mchwa, na mchwa kiukoo yuko karibu na mende kuliko sisimizi. Angalia kiuno, sisimizi kiuno chembamba na vipapasio vimepinda kama kiwiko, kumbikumbi kiuno hakionekani. Wakiruka kwenye taa ya nje ni kitoweo tu, ila ukikuta mabawa yamerundikana ndani, chini ya frem ya mlango, nipigie, na chambo cha sukari hapo usihangaike nacho.

Halafu siafu. Huko Ilboru na juu zaidi wakiingia ndani usiku utasikia mtu anasema katumiwa na jirani. Siafu hana kiota cha kudumu, anahama akiwinda, anakula nyama, kopo lako la sukari hana habari nalo. Kosa kubwa ni kuwamwagia petroli, watu wanaungua, au kuwapulizia dawa, wanachanganyikiwa na wanapanda kila mahali pamoja na miguu yako. Toa mtoto kwanza, fungua mbwa, fungua banda la kuku na mbuzi aliyefungwa kamba maana hao ndo wanaouawa, wasioweza kukimbia. Afu kaa kwa huyo huyo jirani unywe chai, mara nyingi baada ya saa kadhaa wamepita, na ukirudi utakuta mende wote wa jikoni wameliwa, kazi ambayo mimi ningekuchaji.