Je, wajua kwa nini kemokini ya panya hutengenezwa na bakteria?

Kichupa cha kemokini ya panya kikifika maabara, mara nyingi huonekana kitupu, kwa sababu mikrogramu 10 za unga uliokaushwa kwa baridi huganda ukutani kama ukungu hafifu usioonekana kwa urahisi. Hata hivyo, kiasi hicho hutosha majaribio mengi, na huenda hakikuwahi kugusa panya hata mmoja.

Kemokini ni protini ndogo ambazo huziita seli nyeupe za damu mahali penye jeraha au maambukizi. Seli huelekea pale kemokini zinapokuwa nyingi zaidi. Kwa kuwa mwili huzitoa kwa kiasi kidogo sana, kuzichuja kutoka kwa panya kungegharimu wanyama wengi. Ndiyo maana jeni ya kemokini hupandikizwa ndani ya bakteria, hasa Escherichia coli, ambaye katika mazingira mazuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Protini inayopatikana kwa njia hiyo huitwa rikombinanti.

Bakteria, hata hivyo, ni fundi mwenye kasi asiyejali umaliziaji. Kemokini nyingi zina sisteini nne (sisteini ni mojawapo ya asidi amino, yaani viungo vinavyounda protini) zinazopaswa kufungana mbili mbili ili protini ikae katika umbo lake. Ndani ya bakteria vifungo hivyo havifungiki vizuri, protini ikarundikana katika mabonge, na mtaalamu hulazimika kuiyeyusha na kuikunja upya. Isitoshe, ni lazima isafishwe endotoksini, yaani sumu za ukuta wa bakteria, ambazo zenyewe huamsha seli za kinga na kuharibu matokeo. Kosa dogo kuliko yote ndilo linalonishangaza zaidi: mwaka 1996 watafiti waliripoti kwamba kemokini ya binadamu iitwayo RANTES, ikibaki na methionini (asidi amino nyingine) moja tu ya ziada mwanzoni mwake, huacha kuita seli na badala yake huzuia wito.

Kwa nini basi isitumike kemokini ya binadamu katika utafiti wa panya? Wakati mwingine inawezekana, kwani kemokini iitwayo CXCL12 ya viumbe hawa wawili hutofautiana kwa asidi amino moja tu. Lakini panya hana kabisa jeni ya CXCL8, kemokini ambayo kwa binadamu huita neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu. Kazi hiyo kwake hufanywa na kemokini nyingine, zikiwemo CXCL1 na CXCL2.

Ubora wa kemokini hupimwa kwa kifaa ambacho Stephen Boyden alikieleza mwaka 1962: seli huwekwa juu ya utando wenye vitundu, kemokini chini, kisha huhesabiwa seli zilizopenya. Ukiongeza kemokini, zinazopenya huongezeka hadi kilele, halafu hupungua, kwa kuwa vipokezi vya seli, yaani sehemu zinazonasa kemokini, vikishajaa pande zote, seli haiwezi tena kutambua wito unatoka upande gani.