Faili Mlilotazama Siyo Innocence

Jumamosi iliyopita ilikuwa mara ya nne, na nimeapa sitalijibu tena jambo hili kwa mdomo. Tumekaa watu ishirini na kitu mbele ya projekta, shuka jeupe limetundikwa ukutani, juisi ya ukwaju inazunguka, na kijana aliyepewa kazi ya kuleta muvi amechomeka flashi. Tulikusanyika kwa ajili ya Innocence, mwendelezo wa Ghost in the Shell, ile filamu ya katuni ya Kijapani ya polisi wenye miili ya mashine. Watu wameisubiri wiki nzima. Mmoja amekuja na fulana ya Meja, yule askari mwanamke wa filamu ya kwanza, aliyoichapisha mwenyewe, wino haujakauka vizuri. Filamu ikaanza: mwanamke juu ya ghorofa, usiku, nyaya shingoni, anavua koti, anajirusha. Mwanamke mwenyewe ni wa 3D, ngozi inang'aa kama ya sanamu ya kuvalishia nguo dukani.

Nikasema, "Zima, siyo yenyewe." Hakuna aliyezima. Walitazama mpaka mwisho, na taa zilipowashwa likaja lile neno: "Kaka, hii ya pili wameiharibu. Kompyuta tupu. Ya kwanza watu walikaa wakachora, hii wamebonyeza tu."

Jamani.

Mlichotazama kinaitwa Ghost in the Shell 2.0, na wala si mwendelezo. Ni filamu ileile ya 1995, ambayo mwongozaji wake, Mamoru Oshii mwenyewe, aliirudia mwaka 2008. Baadhi ya matukio yalitengenezwa upya kwa 3D, likiwemo hilo la kujirusha na lile la kupiga mbizi. Ukijani wa kwenye skrini ukageuzwa kuwa rangi ya chungwa, sauti ikachanganywa upya, na Puppet Master, yule mdukuzi anayesakwa kwenye hadithi, aliyekuwa na sauti ya kiume akapewa ya kike. Mwendelezo ni Innocence, uliotoka Japani Machi 2004, miaka minne kabla ya hiyo 2.0. Kwao inaitwa Innocence basi. Lile "Ghost in the Shell 2" lilibandikwa kwa ajili ya sisi wa nje. Kwa hiyo duniani kuna 2 na kuna 2.0, na anayepakua saa nane za usiku kwa bando la usiku anabeba yoyote inayomaliza kushuka kwanza.

Kosa la faili nalisamehe. Kinachonikera ni kwamba hata walioiona Innocence yenyewe wanatoa hukumu hiyohiyo. "Ya kompyuta." Mimi riziki yangu ni kompoziti, yaani napokea michoro ya mtu mmoja na mandhari ya mtu mwingine, nakesha nazo mpaka zikubali kukaa fremu moja. Kwa hiyo nikisikia "wamebonyeza tu", najua ni mimi ninayetukanwa.

Batou, polisi anayebeba hadithi ya Innocence, amechorwa. Togusa mwenzake amechorwa. Mzee Aramaki, mkuu wao, amechorwa, na zile nywele zake. Walichorwa kwa penseli, karatasi juu ya karatasi, kwenye meza yenye taa chini. Maumbo ya wahusika ni ya Hiroyuki Okiura, yuleyule wa filamu ya 1995, na Kazuchika Kise ni mmoja wa wasimamizi wa uchoraji. Kompyuta ilikuja baadaye: michoro ikaskaniwa, ikatiwa rangi kwenye mashine badala ya kupakwa kwenye plastiki angavu kama zamani. Hilo si la ajabu, kufikia 2004 karibu studio zote za Japani zilikuwa zimeshaiaga plastiki. Na hiyo ya 1995 mnayoiapia kuwa ya mkono mtupu nayo ilipitia kompyuta. Meja anapotoweka ndani ya vazi linalopinda mwanga, mnadhani ni penseli ile? Zile ramani za kijani je?

Mtu asiyeamini nampeleka kwa mbwa. Batou anafuga basset, yule mbwa mfupi wa masikio marefu na ngozi iliyozidi mwili, anaitwa Gabriel. Oshii naye alikuwa na basset, jina hilohilo. Kuna tukio Batou anarudi nyumbani, anamwandalia chakula, na kamera haina haraka hata kidogo. Tazama masikio. Kichwa kikigeuka, sikio linachelewa. Kichwa kikisimama, sikio linamalizia safari yake, kisha ngozi ya shavu nayo inafuata. Kila kuchelewa huko ni mchoro wa mtu. Aliyewahi kuchora michoro ya katikati, ile inayojaza mwendo kati ya pozi moja na jingine, anajua mbwa wa namna hii ni adhabu: farasi ana mifupa ya kukuongoza, huyu ana mikunjo tu. Naweza kuitazama dakika ile mara kumi kabla ya kutazama mlipuko mmoja.

Sasa kompyuta iko wapi? Iko kwenye mandhari. Mitaa, magari, ndege, rafu za duka, jumba la mdukuzi Kim, ule msafara wa sanamu kubwa unaopita mjini huku waimbaji wa mtunzi Kenji Kawai wakiimba mpaka nywele zinasimama. Vitu hivyo vilijengwa kwa 3D, na usanifu wake ulikuwa mikononi mwa Yohei Taneda, mtu wa majukwaa ya filamu za waigizaji halisi, aliyefanya pia Kill Bill ya kwanza. Ndiyo maana ukiingia kwenye jumba la Kim unahisi mtu aliwaza mlango utafunguka upande gani.

Na hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo mnivumilie.

Filamu ni fremu 24 kwa sekunde. Anime, yaani katuni za Kijapani, mara nyingi haichori zote 24. Mhusika akitembea anapewa michoro 12, kila mmoja unakaa fremu mbili. Akiongea tu, 8, kila mmoja fremu tatu. Jicho linakubali bila kinyongo, mradi mandhari imetulia. Sasa mwekee nyuma yake mtaa wa 3D na kamera inayosogea. Kompyuta haina uvivu, inausogeza mtaa fremu zote 24. Mguu umeganda fremu mbili, sakafu chini yake imeshasogea. Mguu unaruka kuifuata, sakafu imeondoka tena. Mtazamaji hajui kilichotokea, anaona tu mtu anateleza.

Niliwahi kupewa tangazo la mafuta ya kupikia. Mama wa kuchorwa, kapu kichwani, anatembea ndani ya soko la 3D, kamera inamzunguka kwa mbwembwe kwa sababu mteja aliiona mahali akaipenda. Nilikesha siku tatu. Siku ya kuonyesha, mteja akatazama, akanyamaza, akauliza: "Mbona mama anateleza? Amekanyaga mafuta yetu?" Chumba kizima kilicheka, mimi nikiwemo, ila mwenzenu nilikuwa nacheka kwa meno tu.

Dawa zipo, na zote zina bei. Unaweza kumchora mhusika fremu zote 24 kila kamera inaposogea, ukamfilisi mwenye studio. Unaweza kuilazimisha 3D nayo irukeruke kwa mwendo wa michoro, ukapoteza ule ulaini uliokufanya uitafute 3D tangu mwanzo. Au unapanga tangu kwenye ubao wa hadithi kwamba dunia ikisogea, mtu atulie. Na mtu akisogea, dunia itulie.

Rudi kwenye Innocence na jicho hilo. Batou na Togusa wako ndani ya ndege, jiji la kaskazini linapita chini yao kwa utukufu wake wote, na wenyewe wamekaa kama abiria wa basi la mkoani waliochoka, midomo tu inafanya kazi, wanarushiana nukuu za Zaburi, Milton na Confucius. Mashabiki wengi wanalalamika: mbona wanaongea hivi, polisi gani hawa? Kulalamika ni haki yenu, mimi mwenyewe kuna nukuu ya tano au ya sita ambapo natamani Togusa asinzie. Ila kama fundi naona hesabu nzuri. Dunia inasogea, watu wametulia, hakuna mguu unaogusa sakafu, na hakuna anayeteleza. Halafu Batou akianza kupigana, angalia kamera inavyokuwa na adabu.

Mwanga ni shughuli nyingine kabisa. Uso wa kuchorwa una rangi yake na kivuli chake, basi, rangi mbili na mstari. Ukuta wa 3D nyuma una rangi mia, mng'ao, kutu, vumbi. Ukiviweka pamoja bila kuvifanyia kitu, uso unaonekana stika. Wajapani kazi hii bado wanaiita satsuei, yaani upigaji picha, kwa sababu zamani kulikuwa na kamera halisi juu ya meza ikipiga plastiki moja baada ya nyingine. Kamera imeondoka, jina limebaki, na naliheshimu jina hilo kuliko letu. Mtu wa satsuei anamwaga ukungu mwembamba kati ya mhusika na ukuta, anaufifisha ukuta kidogo, anampaka mhusika wekundu wa taa upande mmoja, anatia chembechembe juu ya vyote ili vionekane vimepigwa na lenzi moja. Ule umanjano wa dhahabu uliotanda filamu nzima watu wanausifia uzuri, na ni mzuri kweli, lakini kwangu mimi ni gundi.

Na gundi haikushika kila mahali. Tukio la dukani, Batou ameingia kununua chakula cha mbwa, ubongo wake umedukuliwa, risasi zinaanza kuruka. Rafu zina bidhaa mpaka macho yanauma, na Batou mbele yake anaonekana amekatwa na mkasi akabandikwa. Kwa miaka mingi nimewaambia vijana ninaowafundisha kwamba ni makusudi. Nilikuwa na hoja tamu: Batou hapo ametengwa na dunia anayoiona, kwa hiyo lazima aonekane hakai ndani yake. Vijana walikuwa wanaandika kwenye daftari.

Siku hizi hoja hiyo nimeiacha. Filamu inahusu wanasesere wanaoua wenye kuwamiliki. Wanasesere wenyewe wanaitwa Hadaly, jina lililotolewa kwenye riwaya ya Villiers de l'Isle-Adam ya 1886, na nukuu ya riwaya hiyo ndiyo inayofungua filamu. Ukiwa na mada ya namna hiyo, kila kasoro ya kompoziti unaweza kuitetea. Mhusika hakai kwenye mandhari? Ah, mwili na roho havikutani. Gari linang'aa kupita kiasi? Ah, uhai wa bandia. Mteja wangu wa mafuta ningemwambia nini, kwamba mama anateleza kwa sababu mwanadamu hana pa kushika? Naipenda filamu hii, na nahofia nilikuwa nawafundisha watoto wa watu mapenzi yangu badala ya kazi. Dukani pale mandhari imemzidi mhusika nguvu. Ni hivyo tu.

Mengine haraka haraka, maana yananichosha. Si filamu ya studio ya Ghibli. Ni ya Production I.G, Ghibli walishirikiana nao na Toshio Suzuki akasaidia kuizalisha na kuitangaza. Huhitaji kumaliza Stand Alone Complex kwanza, ule mfululizo wa TV wa Kenji Kamiyama ni mkondo wake mwenyewe, Meja wa kule hakuunganika na Puppet Master kama yule wa 1995. Na ndiyo, ilishindania Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2004, haikushinda, tuendelee.

"Meja hayupo" nayo nimeisikia, hasa kutoka kwa yule wa fulana. Yupo. Anakuja mwishoni, amejimwaga ndani ya mwili wa mmoja wa wanasesere hao, anapigana ubavuni mwa Batou, na Batou anamvulia fulana yake ya kuzuia risasi amsitiri, kama alivyomfunika na koti kwenye filamu ya 1995. Aliyekaa filamu nzima akimngojea ni Batou. Wewe kungoja dakika 80 umeshindwa?

Kwa hiyo kabla ya kumwalika mtu, fungua faili utazame mwanzo tu. Ukiona mwanamke juu ya ghorofa na rangi ni ya chungwa, hiyo ni 2.0. Mwanamke juu ya ghorofa, rangi ya kijani, hiyo ni ya 1995, itazame tena, haijawahi kumdhuru mtu. Ukiona ndege inashuka juu ya mji wa usiku, halafu Batou peke yake kwenye uchochoro, na mwanasesere anayejipasua kifua kwa mikono yake mwenyewe, umefika.

Jumamosi hii tunarudia, saa moja jioni, shuka lilelile. Flashi nakuja nayo mimi. Kijana wa safari iliyopita atashughulikia ukwaju.