Ukungu hupigwa picha kuanzia karibu

Picha zangu za kwanza za ukungu zilikuwa kama karatasi za kijivu. Niliamka alfajiri, nikakuta kila kitu kimefunikwa, nikasimama katikati ya uwanda na kubofya zaidi ya mara mia. Nilipozifungua kwenye kompyuta, hazikuwa na kitu. Pale uwandani niliuhisi ukungu kwa mwili mzima: baridi, ukimya, umande shingoni. Kamera haina habari na hayo.

Kosa lile lile naliona leo kwa karibu kila anayenitumia picha zake nizitazame. Anaupiga ukungu wenyewe, na ukungu peke yake hauna umbo. Unaanza kuonekana pale kunapokuwa na kitu cha karibu, cheusi, chenye kingo kali. Nyuma yake kingine kilichofifia kidogo. Nyuma zaidi cha tatu kilichobaki kivuli. Jicho linalinganisha vitu hivyo vitatu, na ndipo linapoona umbali.

Inafaa kujua kwa nini. Ukungu ni matone madogo sana ya maji, mengi yakiwa na upana wa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 10 hadi 20 hivi, na kila tone linatawanya mwanga. Kadiri unavyosogea mbali na mti, weusi wa mti huo unachanganyika na mwanga uliotawanyika katikati yenu, hadi ulingane na ukungu. Lakini haufifii kwa hatua sawa. Tuseme unaona hadi mita 200. Mti ulio mita 20 na ulio mita 60 watatofautiana sana: wa kwanza bado una theluthi mbili ya weusi wake, wa pili umebaki na theluthi moja tu. Ila ulio mita 150 na ulio mita 190, yote miwili ni kama moshi, huwezi kuitenganisha. Picha yako yote iko kwenye mita zile za mwanzo. Kwa hiyo kabla sijagusa mpangilio wowote wa kamera, natembea. Hatua kumi mbele hubadilisha picha kuliko lenzi mpya.

Tukigusia lenzi: wengi wanapenda lenzi ndefu, ile inayovuta vitu vya mbali, kwa kuwa inapanga mashina ya miti kama pazia juu ya pazia. Ni kweli, lakini ukiitumia huwa umesimama mbali, na umbali huo nao umejaa ukungu. Siku ya ukungu mwepesi naichukua. Ukungu ukiwa mzito naiacha kwenye begi.

Kamera yenyewe itakudanganya kwa mwanga. Kipimo chake kimeundwa kikiamini kwamba mandhari ni ya kijivu cha wastani, basi ikiona weupe mwingi inaupunguza, na ukungu unatoka mchafu, kama moshi wa jiko. Ongeza mwanga kwa fidia, mpangilio wa kuing'arisha au kuitia giza picha, ya kati ya theluthi mbili ya stopu na stopu moja na theluthi (stopu moja ni mwanga mara mbili), kisha tazama histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha yenye giza kushoto na weupe kulia. Mlima wake ukae upande wa kulia wa katikati bila kugusa ukuta. Jua likianza kupenya, rudisha fidia hiyo haraka, maana hapo ndipo picha zinapoungua, yaani sehemu zake zinakuwa nyeupe tupu.

Fokasi ya kujiendesha inahitaji tofauti ya weusi na weupe, na ukungu umeiondoa. Ukisikia lenzi inakwenda mbele na nyuma bila kutulia, elekeza kwenye ukingo wa shina la karibu. Ikishindikana, zungusha kwa mkono. Flashi zima kabisa, hata ya simu. Itawasha matone yaliyo mbele ya lenzi na kukupa ukuta mweupe. Kwa rangi, naweka mwanga wa mchana, kama Kelvini 5,500 (kipimo cha rangi ya mwanga), nisiiachie kamera iniondolee ubuluu wa alfajiri.

Ukungu wa mabondeni unaweza kuubashiri usiku wake: mbingu zimetakata, upepo umetulia, ardhi ina unyevu, na joto la hewa linakaribia lile ambalo mvuke huanza kugeuka matone. Wataalamu wa hali ya hewa huuita ukungu pale tu mtu asipoona zaidi ya mita 1,000. Mara nyingi huzidi kuwa mzito muda mfupi baada ya jua kuchomoza, kwa hiyo usikate tamaa ukarudi kulala. Saa ninayoingojea mimi ni ile ukungu unapoanza kuvunjika. Naligeukia jua na kusimama mahali shina la mti limelifunika. Matone hutupa mwanga mwingi zaidi kuelekea mbele, kwa hiyo ukitazama upande wa jua ukungu unawaka, na vivuli vya matawi vinachora mistari hewani. Jongea nusu hatua pembeni, mistari yote inahama. Hapo sizungumzi na mtu.

Halafu geuka nyuma, kwani watu wengi hawageuki. Jua likiwa mgongoni na ukungu mbele yako, wakati mwingine utaona upinde mweupe. Ni ndugu wa upinde wa mvua, ila matone yake ni madogo mno kiasi kwamba rangi zinapandana na kufutana.

Kwenye kompyuta kuna kitufe cha kuondoa ukungu. Nakiheshimu kwa kutokigusa. Napiga faili ghafi, yaani picha ambayo kamera haijaichakata, naongeza weusi kidogo kwenye kitu cha karibu pekee, na cha mbali nakiacha kilivyo. Utakachohangaika nacho ni madoa ya vumbi la sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga: kwenye picha ya msitu hayaonekani, kwenye weupe mtupu yanakaa kama nzi, hasa ukiwa umefunga tundu la lenzi hadi f/16, yaani likiwa dogo sana.

Ukirudi, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje kwenye baridi, uingie nayo ndani hivyo hivyo, na usiufungue mpaka kamera ipate joto la chumba. Unyevu utaganda juu ya mfuko badala ya kuganda kwenye lenzi. Kadi ya picha itoe kabla ya kuifunga kamera, usije ukashindwa kuvumilia ukaufungua mfuko.